Barafu ya Jumapili

Abner Angwenyi alikuwa mtu wa hasira, na tusianze kumtetea mapema. Kijiji kizima cha Kiogoro kilijua. Aliwahi kuibwaga baiskeli yake mtaroni kwa sababu mnyororo ulitoka mara mbili katika kilima kimoja, kisha akarudi kuiokota huku akiitukana. Aliwahi kugombana na jogoo wa jirani hadi jirani mwenyewe akatoka kumwombea jogoo msamaha. Mkewe Gesare alipolisikia lango likibamizwa alijua kwamba chai ya jioni hiyo itanywewa kimya.

Lakini kuna hasira mtu anazaliwa nayo, na kuna hasira anayopakwa na wenzake. Ile ya mwaka wa sabini na nne Angwenyi alipakwa, tena kanisani, mchana kweupe, mbele ya watoto wake. Na wale waliompaka walikuwa wa kwanza kushangaa kwamba amekasirika. Watu wana vituko.

Ufundi wake aliupata Nakuru, mwanzoni mwa miaka ya sitini, alikokwenda kutafuta kibarua cha kufagia katika ghala la nyama baridi. Fundi mkuu wa pale alikuwa Mgoa mfupi, mwenye kufoka kutwa, na pengine ndiyo sababu wakapatana. Angwenyi alianza kwa kumshikia spana, akaishia kufungua kompresa, ile pampu ya friji, peke yake. Aliporudi nyumbani alikuja na sanduku la vyuma, mtungi mmoja wa gesi, na geji mbili za kupimia presha alizozifunga katika kitambaa cha mkewe kana kwamba ni mayai. Friji za mji wa Kisii wakati huo zilihesabika. Palikuwa na za hospitali, za mabaa, na za bucha mbili tatu zilizojiona. Zilipokufa, wenyewe wote walimwita yeye. Alikuwa akifika kwa baiskeli, akimfokea mwenye friji kwa kuiweka karibu na jiko, kisha akiitengeneza.

Kwa hiyo Mzee Obadiah Mogaka aliponunua mashine kubwa ya barafu, hakukuwa na mtu mwingine wa kuitwa.

Obadiah alikuwa na stoo ya soda karibu na soko, na alikuwa mzee wa kanisa lile lile la Wasabato alilosali Angwenyi. Alikuwa mtu mnyoofu. Hilo lazima lisemwe, maana ndilo lililoleta balaa. Hakunywa, hakuapa, hakuwahi kuuza hata chupa moja ya soda baada ya jua la Ijumaa kugusa kilima. Mashine aliinunua kwa ajili ya wauza samaki waliotoka ziwani, wenye bucha, na watu wa harusi waliotaka soda baridi. Yenyewe ilikaa ndani ya stoo ikitapika barafu katika sanduku lake. Kipande chake cha pili kilikaa nje, nyuma ya stoo, kimepachikwa ukutani chini ya ukingo wa mabati. Kilifanana na rejeta ya lori, na mbele yake palikuwa na feni. Kazi yake ilikuwa kutupa joto: gesi ilitoka ndani ikiwa ya moto, ikapita katika mabomba hadi nje, ikapulizwa na feni mpaka ikapoa na kuwa maji, kisha ikarudi ndani kugandisha. Mafundi hukiita kondensa. Watu wa soko walikiita rejeta, na hapa tutakiita hivyo hivyo.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya jua na mashine ilikwenda vizuri. Ilipoingia Juni, na ile baridi ya asubuhi inayowafanya watu wa Kisii wazungumze wakiwa wamejikunyata, mashine ikaanza uhuni.

Kila Jumapili asubuhi iligoma. Omwenga, mwangalizi wa stoo, alikuwa akiiwasha, inanguruma kidogo, inajizima. Anaiwasha tena, inajizima tena. Angwenyi aliitwa, akafunga geji zake, akaona presha imelala chini kabisa kana kwamba gesi imevuja. Fundi yeyote angefanya alichofanya. Alitafuta mahali palipovuja kwa povu la sabuni, asipaone, akaongeza gesi. Mashine ikashika kazi. Akaenda zake.

Siku ya pili au ya tatu, jua likiwa limepiga mabati mchana, mashine ikazima tena. Sasa presha ilikuwa imepanda hadi mshale wa geji karibu utoke mahali pake. Gesi ilikuwa nyingi mno. Angwenyi akafungua vali na kuipunguza, ikatoka ikilia "fssss" soko zima likageuka kutazama. Mashine ikashika kazi. Jumapili iliyofuata presha ikawa imelala tena.

Akaongeza. Akapunguza. Akaongeza. Alibadilisha swichi ya presha. Alibadilisha kichujio. Alipanda ukutani akapiga mswaki mapezi yote membamba ya rejeta mpaka yakang'aa. Alimtukana Mgoa wa Nakuru kwa kutomfundisha ugonjwa huu, kisha akamwomba radhi kimoyomoyo, maana yule mzee alikuwa ameshakufa. Nyumbani alilala akikodolea macho dari. Hakuwa na amani, kwa sababu mashine haina ukaidi. Mashine ina sababu, na yeye sababu hakuwa nayo.

Nje ya stoo watu walikuwa na sababu yao tayari. Waliona fundi anakuja na mtungi, anatia gesi, analipwa. Kisha anarudi, anaitoa gesi ile ile, tena mtungi wake umekaa hapo hapo miguuni. Wiki inayofuata anatia tena. Nani asiyeweza kujumlisha? Omwenga alimwambia mwuza ndizi, mwuza ndizi akamwambia mkewe, na neno likapanda kilima hadi kanisani kabla Angwenyi hajalisikia. Angwenyi anaiba gesi. Anaitia Jumapili, anaichomoa katikati ya wiki, anakwenda kuiuza mabaa ya mjini.

Mzee Obadiah angeweza kumwita kando. Walijuana tangu utotoni, mashamba yao yalitenganishwa na kijito tu. Angeweza kusema, "Ndugu, nasikia hivi na hivi, ni kweli?" Hakusema. Alisimama mbele ya kanisa lote Sabato moja, baada ya wimbo wa kufungua, na sauti yake ya kengele ikajaa hadi nje kwenye miti.

"Kuna mwizi amekaa kati yetu," alisema. "Anaimba pamoja nasi. Ameniibia mimi gesi ya mashine, wiki baada ya wiki. Mimi sina neno na mali, Bwana alinipa. Lakini kanisa haliwezi kulea mwizi. Ndugu Abner Angwenyi, simama."

Angwenyi alisimama. Alikuwa bado ameshika kitabu cha nyimbo. Upande wa wanawake Gesare alikuwa amempakata mtoto mdogo. Binti yao mkubwa, Kemuma, aliyekuwa ameanza kuulizwaulizwa kwa ajili ya posa na ukoo mmoja wa Keroka, aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Hapo ndipo angeweza kujieleza. Lakini angejieleza nini? Kwamba mashine ina ugonjwa asioujua? Hasira ikamwahi.

"Mnafiki wewe!" alipiga kelele. "Mnafiki mkubwa! Unaniita mwizi mbele ya watoto wangu, wewe ambaye hata spana hujui inashikwa wapi!"

Kanisa likaguna. Kumwita mzee wa kanisa mnafiki, siku ya Sabato, ndani ya nyumba ya Mungu! Kwa hiyo yakawa makosa mawili. Nyamongo, karani wa kanisa, alitangaza kwa sauti ya kutikisika kwamba baada ya Sabato mbili washiriki wangepiga kura jina la ndugu Angwenyi lifutwe.

Asiyejua maisha ya huko atasema, ni jina tu. Jina tu? Mtu aliyefutwa kwa wizi haazimwi jembe. Akifa, mchungaji anapata safari siku hiyo. Binti yake akiposwa, wakwe wanauliza kwanza habari za baba, na jibu linawapokea njiani. Watoto wa Angwenyi waliporudi shuleni Jumatatu waliitwa "watoto wa gesi," na yule wa kiume akarudi na shati lililochanwa.

"Omba msamaha kwa lile neno ulilosema," Gesare alimwambia jikoni. "Lile moja tu. La wizi tutalipigania."

"Siombi kitu!"

"Baba Kemuma, punguza sauti. Kuta ni za udongo."

"Wasikie! Wote wasikie!"

Gesare aligeukia sufuria. Aliendelea kukoroga ugali wa wimbi kwa nguvu kuliko ulivyohitaji. Naye alikuwa na hasira, ila yake ilikuwa haijapata mlango.

Katikati ya wiki Obadiah alimwita fundi kutoka Kisumu, kijana mwenye ovaroli safi. Yule kijana aliikuta mashine inakwenda vizuri, akaisifu, akala chakula cha mchana kwa Obadiah, akapanda basi. Habari hizo zilipomfikia Angwenyi aliipanda baiskeli yake akashuka mjini kama mtu anayefukuzwa. Hakuruhusiwa kuingia stoo. Akazunguka nyuma ili asimame chini ya ile rejeta na kuitazama, maana kuitazama hakuna mtu angemkataza.

Chini ya rejeta palikuwa na mwenyewe. Zilpa Akong'o, mwuza samaki aliyetoka upande wa Kendu Bay, alikuwa ameweka meza yake pale tangu mashine ilipoletwa, na kwenye turubali kando yake alianika omena. Wenzake walimcheka kwa kukaa pembeni namna ile. Yeye alikuwa na akili zake. Feni ya rejeta ilipuliza upepo wa moto kutwa, na mji wa Kisii, wenye mvua kila alasiri, una mahali pachache pa kukaushia omena.

"Fundi," Zilpa alisema alipomwona, "wewe ndiyo huyo mwizi ya gesi?"

"Mama, usinianze. Leo usinianze."

"Nitakuanza! Mimi ndiyo napata hasara. Kila Jumapili nakuja kutafuta barafu, napewa maji. Samaki yangu inaoza wewe ukicheza na mtungi. Yawa! Kama umeshindwa na mashine, si useme?"

"Sijashindwa!"

"Basi kama hujashindwa, kwa nini mashine yako inapenda kulala hivyo? Inalala Jumamosi yote, Jumapili ukiiamsha inakataa. Hata mtu akilala hivyo anaamka mgonjwa."

Angwenyi alikuwa tayari na jibu la matusi. Alikuwa amefungua mdomo. Akaufunga.

"Inalala Jumamosi?"

"Si mimi ndiyo naanika omena hapa? Jumamosi hakuna upepo. Hakuna kabisa. Omena ya Jumamosi mimi naanika barabarani, huko kwa vumbi. Jumapili asubuhi hiyo chuma yako inakuwa baridi, inatoa jasho kama chupa ya soda. Kila wiki. Wewe fundi gani hujui?"

Fundi gani, kweli. Angwenyi aliketi juu ya kreti tupu la soda. Alikuwa hajui kwa sababu moja rahisi, na ile sababu ilimpanda kichwani kama damu: siku ya Jumamosi yeye alikuwa kanisani. Omwenga alikuwa kanisani. Obadiah alikuwa kanisani. Kila mtu aliyehusika na mashine ile, siku hiyo ya juma, alikuwa amekaa kwenye benchi akiimba. Aliyebaki sokoni alikuwa Mkatoliki kutoka ziwani, na nani angemwuliza mwuza omena habari za mashine?

Angwenyi alijua stoo hufungwa Sabato. Aliwaza kwamba mlango ndio unaofungwa, na mashine huachwa ndani iendelee, kama ng'ombe anavyoachwa zizini na majani yake. Hakuwahi kuuliza. Akamtafuta Omwenga, akamkuta kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Ijumaa jioni nyinyi mnaifanya nini mashine?"

Omwenga alimwogopa, na wembe ulikuwa shingoni. "Tunazima."

"Mnazima nini?"

"Swichi kubwa. Ya ukutani. Mzee mwenyewe ndiye anazima kabla jua liingie. Si imeandikwa hata punda apumzike? Mzee anasema mashine nayo ni mtumishi. Jumapili asubuhi mimi naiwasha."

"Kwa nini hukuniambia?"

Omwenga alimshangaa kwa dhati. "Nikwambie nini? Kwani wewe nyumbani kwako Sabato unawasha moto?"

Na hapo huwezi kumlaumu hata Omwenga. Gesare mwenyewe alikuwa akipika chakula cha Sabato siku ya Ijumaa. Jambo ambalo kila mtu hulifanya halisemwi, kama vile hakuna anayekuambia kwamba amevaa suruali.

Sasa Angwenyi aliuona ugonjwa wote kutoka mwanzo hadi mwisho, na kadiri alivyouona ndivyo alivyozidi kukasirika. Gesi hupenda mahali pa baridi. Mashine ikizimwa usiku mbili mfululizo, gesi yote hujivuta polepole hadi kule nje kwenye rejeta, chini ya ile baridi ya Juni, ikageuka maji na kutulia huko. Jumapili Omwenga akiwasha, ndani hakuna kitu, presha iko chini, swichi inakata. Fundi anakuja, anaona presha iko chini, anaongeza gesi. Mchana jua linapasha mabati, ile ya zamani nayo inaamka na kurudi, na sasa ni gesi ya watu wawili katika bomba la mtu mmoja. Hakuna tone lililoibwa. Hakuna tone lililovuja. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake, alikuwa akiilisha mashine iliyoshiba.

Alikwenda kwa Obadiah jioni hiyo hiyo. Mzee alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, bila kumkaribisha kiti.

"Kwa hiyo unasema ni Sabato inayoharibu mashine yangu," Obadiah alisema.

"Nasema ni swichi, Mzee."

"Swichi ninaizima kwa ajili ya Sabato. Umekosa pa kuuweka wizi wako, sasa unauweka juu ya amri ya nne."

Angwenyi aliuma meno mpaka taya likamwuma. Spana ilikuwa mfukoni. Aliishika tu, hakuitoa. "Jumapili," alisema. "Uje wewe na Nyamongo karani. Nitakuja bila mtungi. Mtanipekua. Nikishindwa kuiwasha bila kuongeza gesi, nitajifuta mwenyewe, msipoteze muda wa kura."

Jumapili hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya mji hata milingoti ya stima haikuonekana vichwa. Obadiah alifika na koti zito. Nyamongo alifika akisugua mikono. Zilpa alikuwepo, hakualikwa na mtu, na alikataa kuondoka. Gesare alikuwa ametembea kutoka Kiogoro na debe la maji ya moto kichwani, amelifunika kwa jani la mgomba na kulizungushia blanketi.

Angwenyi alivua koti lake akaligeuza mifuko nje. Akafungua sanduku la vyuma wakaona. Akafunga geji zake mbili, akamwambia Omwenga awashe. Mashine ikanguruma, mshale wa presha ukaanguka, ikajizima.

"Mnaona," alisema Obadiah.

"Njoo nje, Mzee. Weka mkono wako hapa."

Obadiah hakutaka, lakini Nyamongo aliweka wake juu ya rejeta na kuuondoa haraka. Ilikuwa baridi, imelowa jasho chapachapa. Angwenyi alifunika uso wa feni kwa gunia, isije ikaipoza tena, akapanda juu ya kreti, akapokea debe kutoka kwa mkewe na kuanza kuyamimina yale maji polepole juu ya mabomba. Mvuke ukapanda na kumfunika kichwa. Akamimina, akangoja, akamimina tena. Aliposhuka mikono yake ilikuwa imebabuka nyekundu.

"Washa."

Ikanguruma. Mshale ukaanguka kidogo, ukasita, kisha ukaanza kupanda, ukasimama pale pale unapotakiwa. Mashine haikuzima. Walisimama wakiisikiliza. Angwenyi alitoka mara moja kulilegeza gunia, akarudi, na bado inanguruma. Baada ya muda kipande cha kwanza cha barafu kikaanguka ndani ya sanduku, kikafuatwa na vingine.

"Yawa!" alisema Zilpa. "Kumbe ni maji ya moto tu?"

"Maji ya moto na gunia, kila Jumapili baridi," Angwenyi alisema akimtazama Obadiah. "Ukipenda kuiacha ikiwaka Sabato, hilo ni lako na Mungu wako. Ukipenda kuizima, izime. Mimi sina neno na amri ya nne. Nina neno na wewe."

Mzee Obadiah aliitazama barafu. Ulikuwa uso wa mtu aliyeelewa, na mtu mnyoofu akielewa huona haya kuliko mwingine. Lakini haya nayo ina njia zake za kukimbia.

"Bwana asifiwe," alisema. "Ametuonyesha. Basi yamekwisha."

"Yamekwisha wapi?"

"Ndugu Angwenyi, tusikuze mambo. Sabato ijayo utasimama, utatubu lile neno ulilonitukana. Nami nitawaambia watu wakupokee tena. Kura itakuwa ya kukupokea. Watoto wako watafurahi."

Nyamongo aliitikia kwa kichwa, akiona suluhu nzuri. Angwenyi alifungua geji zake, akazikunja ndani ya kitambaa, mikono ikimwuma. Akashika njia ya Kiogoro, sanduku begani. Gesare, aliyekuwa akitembea nyuma na debe tupu, alimwambia mara moja tu, "Lile neno lako litubu. Ni lako." Naye alijua kwamba amesema kweli, na hilo pia likamkasirisha.

Sabato ikafika, kanisa likajaa hadi madirishani. Watu walikuwa wamesikia habari za maji ya moto, na kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuzieleza. Obadiah alisimama mbele. Alizungumza juu ya upendo wa ndugu. Alizungumza juu ya mwana aliyepotea akarudi. Angwenyi alikaa benchi la nyuma akisikiliza mwana aliyepotea, na mishipa ya shingo ikamsimama.

"Ndugu Angwenyi ana neno," Obadiah alisema.

Angwenyi alisimama. "Nilimwita Mzee mnafiki siku ya Sabato," alisema. "Nilikosa. Ninatubu neno hilo."

Akakaa. Watu walingoja zaidi, hakukuwa na zaidi. Obadiah akatabasamu kwa unafuu.

"Amina. Wanaokubali ndugu yetu apokelewe tena katika ushirika, wainue mikono."

Mikono ikainuka. Ilikuwa mingi, upande wa wanaume na upande wa wanawake, kwa haraka ya watu wanaotaka kwenda nyumbani wakiwa wema. Mwuza ndizi aliinua wake. Omwenga aliinua yote miwili. Angwenyi aliitazama ile mikono, akajua kwamba kwa kila mkono anasamehewa kitu asichokifanya, na hakujua apige kelele kutoka wapi. Neno moja alikuwa ameshalitubu. Akilitupa la pili, wangesema, mnaona, ni yule yule.

Nyamongo alikuwa akihesabu. Akasita.

"Dada Gesare," alisema, "hukuinua mkono."

Gesare alikuwa amekaa na mikono yote miwili mapajani. Hakuwahi kusema neno katika kanisa lile, ila kuimba.

"Sikuinua."

"Unakataa mume wako apokelewe?" Nyamongo aliuliza, na mtu mmoja akacheka kidogo.

Gesare akasimama. Uso wake ulikuwa umebadilika hata Kemuma akamsogelea.

"Nakataa!" alisema. "Anapokelewa anatoka wapi? Alikwenda wapi? Huyu mtu hakuiba. Mzee aliona kwa macho yake, wewe karani ulishika rejeta kwa mkono wako. Mnamrudisha kutoka kwa wizi gani? Mkimpokea leo, kesho mtu atasema, ni yule mwizi tuliyemsamehe. Na mimi nitazeeka nikiwa mke wa mwizi aliyesamehewa. Hapana. Shusheni mikono yenu."

Mikono ilianza kushuka, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka matangani bila kuaga. Hakuna aliyemcheka sasa. Obadiah alishika ukingo wa meza. Alimtazama Gesare, akamtazama Nyamongo, ambaye ghafla alipata kitu cha kusoma. Ilionekana kwamba mzee anatafuta andiko, na andiko halikuja.

"Hakuiba," alisema hatimaye. Alilisema akiitazama meza.

"Sikusikia," Angwenyi alisema kutoka nyuma.

"Ndugu Angwenyi hakuiba."

"Bado sijasikia, Mzee." Angwenyi alikuwa amesimama, na machozi ya hasira yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. "Ulipolisema lile lingine, hata walioko nje kwenye miti walisikia. Watoto wangu wamepigwa shuleni kwa lile lingine. Sema hivyo hivyo!"

Mzee Obadiah aliiachia meza. Kisha akavua miwani, akavuta pumzi ya mtu anayejitwika mzigo, na akalisema tena, kwa sauti yake yote.